Aliyefurahi Ndiye Aliyeona

Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari akifika kwenye somo la kueleza hisia, mara nyingi huandika ubaoni maneno kumi hivi: happy, glad, sorry, pleased, surprised, shocked, proud na ndugu zao. Pembeni huweka kanuni: baada ya kivumishi weka "to", kisha kitenzi katika umbo lake la msingi. Wanafunzi hujaza mapengo, madaftari husahihishwa, somo husonga mbele. Miaka inapita, mmoja wao yuko ofisini, anamwandikia mteja aliyefiwa: "I have been sad to hear about your father." Mteja anaelewa. Lakini barua iliyokusudiwa kumliwaza ina kasoro, na mwandishi hajui iko wapi, kwa sababu kanuni aliyofundishwa ameifuata kama ilivyo.

Kasoro hiyo imetokana na yale ambayo kanuni haikuyasema: nani anahisi na nani anatenda, lipi lilitangulia, na kama tendo lenyewe limekwisha kutokea au bado linangojewa. Muundo wa kivumishi na kitenzi-jina (yaani hiyo "to" pamoja na kitenzi chake) umesimama juu ya maswali hayo matatu. Mzungumzaji wa Kiswahili si mgeni kwao, maana asemapo "nimefurahi kukuona" amekwisha kuyajibu yote bila kufundishwa na mtu. Ninaamini kwamba ufundishaji ungeanzia hapo, kwenye sentensi ambayo kila mtoto wa Tanga au Mombasa anayo mdomoni, tungeokoa muda mwingi unaopotea kwenye orodha.

Tuanze na sentensi moja: "I was surprised to find the gate open." Mtu alikuta geti liko wazi, na jambo hilo likamshangaza. Katika sentensi, mshangao umetangulia. Katika matukio, ulikuja baadaye. Kwanza alikuta, ndipo akashangaa. Kwa hiyo "to" hii si ile ya "I came to see you", inayotaja kusudi la safari. Mtu hashangai ili akute geti liko wazi. Kitenzi-jina hapa kinataja kilichosababisha hisia.

Mwanafunzi akiuliza inakuwaje neno moja litaje kusudi hapa na sababu pale, jibu analo katika lugha yake. Tunasema "nimekuja kukuona" na "nimefurahi kukuona". Ku- ni ile ile, lakini katika sentensi ya kwanza kuona ndiko kulikonileta, na katika ya pili kuona ndiko kulikonifurahisha. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayechanganyikiwa, kwa kuwa neno linalotangulia limekwisha kumwelekeza. Kiingereza nacho kimepitia njia yake. Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, "to" ya namna hii ilikuwa kihusishi cha mwelekeo, na kitenzi kilichoifuata kilikuwa na mwisho wake maalumu, -anne au -enne. Miisho hiyo ilifutika kadiri karne zilivyopita, "to" ikabaki alama ya kitenzi-jina na ikatwishwa kazi nyingi. Kuitafutia maana moja ni kujichosha. Kinachofaa ni kukitazama kivumishi kilichotangulia.

Wanaisimu wameshughulika sana na jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Noam Chomsky alionyesha kwamba sentensi mbili zinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kabisa ndani. Tuzivalishe jina la kwetu: "Juma is eager to please" na "Juma is easy to please." Katika ya kwanza Juma ana hamu ya kuwapendeza wengine, katika ya pili ni wengine wanaompendeza Juma, na kazi hiyo ni nyepesi. Maneno yamepangwa vile vile, lakini mtendaji amebadilika. Mwaka 1969 mkewe, Carol Chomsky, alichapisha utafiti wake juu ya watoto wa miaka mitano hadi kumi. Aliwaonyesha mwanasesere aliyefungwa kitambaa machoni, akawauliza kwa Kiingereza kama mwanasesere huyo ni rahisi kumwona au ni vigumu. Watoto wadogo wengi walijibu kuwa ni vigumu, kwa sababu amefungwa macho. Walimdhani mwanasesere ndiye anayeona. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa afanye iwe rahisi, humfungua mwanasesere kitambaa.

Jaribu kulitafsiri swali hilo na utaona mtego unafunguka wenyewe. "Mwanasesere huyu ni rahisi kumwona?" Kiambishi -mw- kimekwisha kusema kwamba mwanasesere ndiye anayeonwa. Kiswahili kinabeba mtendwa ndani ya kitenzi, Kiingereza kinamwacha msikilizaji amtafute. Hapo ndipo mwanafunzi wetu anahitaji msaada wa kweli: apewe mazoea ya kuuliza, mbele ya kila kivumishi kinachofuatwa na "to", ni nani hasa anayefanya tendo. Sarufi kubwa ya Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, iliyochapishwa mwaka 1985, iliigawa miundo hii katika makundi saba, na mgawanyo wenyewe unategemea sana jibu la swali hilo.

Kwa vivumishi vya hisia jibu ni moja: aliyehisi ndiye aliyetenda. Katika "I am happy to see you", mwenye furaha ni mimi na anayeona ni mimi. Kiingereza hakina haja ya kumtaja mara mbili. Na ikiwa mtendaji ni mwingine, mlango huu umefungwa. Kiswahili ni kikarimu zaidi. Tunasema "nimefurahi wewe kuja" au "nimeshangaa Asha kukataa", tukimweka mtendaji mpya mbele ya kitenzi-jina bila taabu. Mwanafunzi akihamisha ukarimu huo anapata "I am happy you to come", na Kiingereza kinaikataa. Ama aseme "I am happy that you came", ama atafute kitenzi kitakachomrudisha yeye mwenyewe kwenye utendaji: "I am happy to hear that you came." Ukiweka "for" mbele ya mtu, kwa mfano "I am happy for you to stay", sentensi inakubalika, lakini maana imehama. Sasa unatoa ruhusa, unasema huna kipingamizi mtu akibaki.

Hii ndiyo sababu vivumishi hivi huandamana sana na vitenzi vichache vile vile: see, hear, learn, find, know. Mengi yanayotugusa ni ya wengine: ndugu kafaulu, jirani kaugua, timu imefungwa. Sisi hatukutenda lolote ila kuona na kusikia. Kwa hiyo lugha inakopa tendo letu dogo, kusikia, na kulifanya daraja la kupitishia jambo kubwa la mwingine. Kiswahili hufanya hivyo hivyo tusemapo "nimesikitika kusikia kwamba mama amelazwa". Mwanafunzi akionyeshwa daraja hilo mara moja, nusu ya makosa yanaisha, kwani kila anapokwama na mtendaji wa pili ana pa kupita.

Kuna jambo ambalo vitabu vya shule havilitaji, nalo lina uzito kwa waandishi wa habari na mawakili. Muundo huu unathibitisha. Ukisema "She was surprised to find the door open", mlango ulikuwa wazi. Ukikanusha, "She was not surprised to find the door open", mlango bado ulikuwa wazi. Kilichokanushwa ni mshangao tu. Mwaka 1970 Paul na Carol Kiparsky walichapisha makala maarufu kuhusu sentensi zinazobeba jambo lililokwisha kukubaliwa kuwa kweli, na hisia ni miongoni mwa milango mikuu ya sentensi hizo. Sasa fikiria mwandishi anayeripoti kwamba waziri "was shocked to learn that the money had been stolen". Kwa neno "learn" mwandishi ameungama kwamba fedha ziliibwa. Hajasema "inadaiwa". Akiandika "hear" anajiachia nafasi kidogo, maana mtu anaweza kusikia uvumi. Akitaka usalama kamili aandike kwamba waziri alishtushwa na madai ya wizi, "was shocked by the claims", na kuachana na kitenzi-jina. Mhariri makini anapaswa kusimama kwenye sentensi ya namna hii na kuuliza kama wizi umethibitishwa.

Lakini "happy", "glad" na "proud" zina uso wa pili. "I was happy to help" inaeleza jambo lililofanyika na likafurahisha. "I am happy to help" ni ahadi: niko radhi, nitumeni. Hakuna kilichotokea bado. Ikiongezewa "would", kama "I would be glad to meet you", tunaingia kwenye "ningefurahi", jambo linalowazwa tu. Vivumishi kama eager, anxious, willing na ready viko upande huo siku zote, vikitazama mbele. Mwombaji wa kazi anayeandika "I was happy to join your company", akikusudia kwamba angependa kujiunga, anamfanya msomaji ajiulize ni lini aliwahi kuajiriwa.

Nirudi kwenye barua ya rambirambi, kwa sababu kosa lake ndilo linalojirudia kuliko yote na chanzo chake kinaheshimika. Kiswahili huweka hisia kwenye vitenzi. Tunafurahi, tunasikitika, tunashangaa, tunashtuka, tunakasirika. Na pengine tunatumia kitenzi pamoja na nomino: tunaona haya, tunaona fahari. Vivumishi asilia vya Kiswahili ni vichache na havikuchukua kazi hii. Kiingereza kinaiweka hisia kwenye kivumishi na kuibeba kwa "am", "is" au "was". Hadi hapo hakuna shida. Shida ni -me-. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, alieleza kwamba -me- hutaja tendo lililotimia na pia hali iliyobaki baada ya kutimia. Amelala: alijilaza, na sasa yuko usingizini. Nimechoka: uchovu ulianza, na sasa ninao. "Nimesikitika" ni vivyo hivyo, masikitiko yameniingia na bado yamo. Mwanafunzi aliyekariri kwamba -me- ni "have" anaandika "I have been sad", yaani masikitiko yamekuwa yakiendelea kwa muda fulani, na hapo "to hear" inakosa pa kushika, maana kusikia kulikuwa kwa mara moja. Kinachotakiwa ni "I am sad to hear" au, kwa barua rasmi, "I was deeply saddened to hear". Kwa hisia, -me- ya Kiswahili inalingana na "am" ya sasa. Kama kuna sentensi moja ya kubandika ukutani darasani, ningechagua hiyo.

Upande mwingine Kiswahili kinatupa silaha ambayo hatuitumii. Wanafunzi duniani kote huhangaika na tofauti ya "surprised" na "surprising", "bored" na "boring". Kwetu isingepaswa kuwa ngumu, kwani kauli ya kutendesha imeipanga vizuri. Anayeshangaa ni mtu. Kinachoshangaza ni jambo. Nimechoka, safari inachosha. Nimesikitika, habari inasikitisha. Vijana wa mjini wameikuza tofauti hiyo hadi kwenye neno la kukopa: mtu ameboeka, filamu inaboa. Kijana anayejua kwamba "nimeboeka" si sawa na "ninaboa" anajua tayari kwamba "I am boring" ni kujitukana. Tena mpangilio unafuatana hadi mwisho: "nimeshangaa kuona" ni "I am surprised to see", na "inashangaza kuona" ni "it is surprising to see". Ile "it" isiyo na mwenyewe ni i- yetu ya "inashangaza", ambayo nayo haimrejelei mtu wala kitu. Sijui mfano mwingine ambapo lugha hizi mbili zinakaribiana kiasi hiki, na inasikitisha kwamba walimu wengi hukatazwa kutamka neno la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Ukaribu huo unakaa bila kutumiwa.

Si kila hisia inakubali "to". Mtu ni "bored with", "tired of", "worried about". Nadhani sababu ni kwamba kitenzi-jina cha namna hii hupenda mguso wa ghafla, dakika ile habari inapokufikia, ilhali uchovu na kuchoshwa hujilimbikiza. Neno "interested" linathibitisha hoja hii vizuri: "I was interested to learn that the old port was still in use" ni udadisi ulioamshwa na habari, lakini mvuto wa kudumu unataka "in". Anayeomba kazi aandike "I am interested in applying". "Afraid" nayo hugawanyika: "afraid to jump" ni yule anayeshindwa kuruka kwa woga, "afraid of falling" ni yule anayehofia jambo litakalompata bila kulitaka. Kiswahili kinasema "naogopa" kwa zote mbili na kuacha muktadha uamue.

"Sorry" inastahili nafasi kubwa zaidi. "Sorry to disturb you" husemwa mtu anapobisha hodi. Usumbufu ndio kwanza unaanza. "Sorry for disturbing you", au "I am sorry to have disturbed you", husemwa anapoondoka au siku ya pili. Vivyo hivyo "Nice to meet you" ni ya kukutana, "nice meeting you" ni ya kuagana. Sisi tunasema "nimefurahi kukufahamu" mwanzo wa mazungumzo na tunaweza kuirudia mlangoni, "samahani kwa kukusumbua" ikitumika kotekote. Kwa hiyo Mswahili akimwambia mgeni "Nice to meet you" wakati wa kuagana, mgeni anahisi kama mazungumzo yameanza upya.

Kisha kuna "sorry" inayosimama peke yake. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki mtu akijikwaa barabarani, anayepita humwambia "sorry", na mgeni kutoka Uingereza hushangaa kuombwa radhi na mtu asiyemkosea. Wetu hakuomba radhi, alisema pole. Sikubali kwamba hili ni kosa la kusahihishwa kwa wino mwekundu. Kati ya Nairobi na Arusha kila mtu analielewa, na hisia inayobebwa ni ya utu. Ila katika barua inayovuka bahari inafaa kujua namna Kiingereza kinavyoitenga huruma na hatia, na kinafanya hivyo kwa muundo huu tunaouzungumzia. "I am sorry to hear about your accident" inasema kilichonigusa ni kusikia. Mkono wangu haumo. "I am sorry for causing the accident" inakiri. Kitenzi kinachofuata ndicho kinachoamua kama unatoa pole au unaungama. Mfanyakazi wa huduma kwa wateja anayeandika "We are sorry for your loss of luggage" ameuacha mlango wazi kwa mabishano ya fidia. "We are sorry to learn that your luggage is missing" inatoa pole ile ile bila kukubali kosa.

Bado kuna namna ya kumsifu au kumlaumu mtu kwa alilolifanya: "It was kind of you to come." "It was rude of him to leave without saying goodbye." Hapa hukumu inamwangukia mtendaji na tendo lake kwa pamoja, na neno linalomwingiza ni "of". Ukiweka "for" unaharibu, maana "for" humtaja anayeguswa na tendo: "It was hard for him to leave" ni ugumu alioupata yeye, si tabia yake. Sisi mahali pa "it was kind of you" huwa tunashukuru tu, "asante kwa kuja", au tunasema "umefanya vizuri kuja". Kwa hiyo wanafunzi wetu huuepuka muundo huu, na mwalimu asipowasukuma hawautumii kamwe, ingawa barua za shukrani za Kiingereza zimejaa nao.

Mitihani yetu ina zoezi la zamani la kuunganisha sentensi mbili kuwa moja, na wengi wanaliona la kuchosha. Mimi ningelipa kazi mpya. Mpe mwanafunzi "Neema heard the results. She was delighted." Ataunganisha: "Neema was delighted to hear the results." Kisha mpe "Ali came. I was glad." Aiunganishe kwa "to" kama ataweza. Hataweza, na dakika atakayokwama ndiyo dakika ya kufundisha, kwa sababu atalazimika kutazama aliyekuja ni nani na aliyefurahi ni nani. Mpe ya tatu: "I did not see you at the wedding. I was sorry." Akiandika "I was not sorry to see you at the wedding", mwambie aisome kwa Kiswahili: sikusikitika kukuona harusini. Atacheka, kisha atalihamisha "not" hadi mahali pake, kama vile angesema "nilisikitika kutokukuona". Sentensi tatu za namna hiyo kwa kipindi kimoja, zikijadiliwa kwa lugha mbili, zinatosha kuanzia. Orodha ya vivumishi inaweza kuja wiki inayofuata.